Kisingizio cha Vilima vya Úbeda

Nimefundisha shule ya msingi mjini Tanga kwa miaka 31, na hakuna kisingizio cha kuchelewa ambacho hakijapita masikioni mwangu. Daladala limepata pancha. Mbuzi amekula daftari. Bibi amefariki, bibi yule yule tuliyemzika muhula uliopita. Mtoto mmoja aliwahi kuniambia kwamba ng'ombe wa jirani alilala mlangoni kwao akakataa katakata kuamka. Huyo nilimwambia akakae, maana angalau alijitahidi.

Lakini kisingizio kikongwe kuliko vyote sikukisikia Tanga. Nilikikuta Úbeda, mji wa kale ulioko kusini mwa Hispania. Najua mkisikia Hispania mnafikiria mpira, subirini. Na najua pia kwamba nikianza na ramani mtasinzia, basi nianze na kisa.

Mwaka 1233 Úbeda ulikuwa mji wa Waislamu, na mfalme wa Wakristo aliyeitwa Fernando wa Tatu alikuwa amekuja kuuteka. Wapanda farasi wake walijipanga. Mmoja wao, shujaa wa kusifiwa, alitakiwa afike na watu wake kabla ya pambano. Jua likachomoza, hayupo. Tarumbeta zikalia, hayupo. Watu wakapigana, wakaumia, mji ukatwaliwa, bendera zikabadilishwa, na vumbi lilipotulia ndipo bwana mkubwa akaonekana anakuja, farasi hana hata tone la jasho, upanga unang'aa kama kijiko kipya. Mfalme akamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Naye, macho makavu, akajibu, "Nilipotea, Bwana wangu, kwenye vilima hivyo vya Úbeda."

Kila mtu pale alikuwa anaviona vilima vyenyewe. Ni vilima ambavyo mbuzi mwenye mimba angevipanda huku anacheua. Wako wanaosema shujaa yule aliogopa tu. Wako wanaosema alikuwa na mpenzi ndani ya mji, binti wa Kiislamu, na hakuwa na moyo wa kuwanyanyulia upanga ndugu wa binti huyo. Ni hadithi ya watu, haina hati wala sahihi, na wengine huihamishia kwenye vita vya zamani kidogo kuliko hivyo. Shujaa amekwenda na mfalme amekwenda, ila kile kisingizio hakikwenda popote. Mpaka leo, Hispania nzima, ukimuuliza mtu hiki akakujibu kile, unamwambia anakwenda zake kwa vilima vya Úbeda. Mwalimu anauliza mito ya nchi, mwanafunzi anaeleza harusi ya dada yake: vilima vya Úbeda hivyo.

Kwa hiyo niliupenda mji huu kabla sijauona. Mimi mwenyewe nikieleza jambo huwa napotea njiani, na leo mtashuhudia.

Nilikwenda mwezi wa Desemba. Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo kikuu Granada, na alikuwa amenisumbua miaka miwili, "Shangazi njoo, Shangazi njoo." Nilipofika akaniambia tutakwenda kukaa siku nne kwa mama wa rafiki yake, mjane mmoja wa Úbeda, tukale mafuta mapya. Sikumwelewa. Mafuta unapikia. Mafuta unajipaka. Kula mafuta?

Tukapanda basi. Njiani likasimama Jaén, mji mkuu wa jimbo, na hapo nikasimuliwa habari ya kenge.

Zamani, kwenye chemchemi ya mtaa wa La Magdalena, alikaa kenge mkubwa wa kutisha. Mwanamke akija na mtungi wake, hakurudi mtungi wala mwanamke. Kondoo walikwenda kunywa wakanywewa wao. Watu wakakosa maji. Basi kulikuwa na mfungwa aliyehukumiwa kufa, akasema, "Mimi sina cha kupoteza. Nipeni farasi, mikate ya moto na gunia la baruti." Akamwaga mikate pangoni mpaka nje, kenge akatoka anafuata harufu. Mfungwa mbio juu ya farasi, nyuma anadondosha mkate, anadondosha mkate, kenge anameza bila kutafuna, na mwishowe akamdondoshea lile gunia lenye utambi unaowaka. Kenge, mlafi, akameza na hilo. Mlio wake ulisikika mji mzima. Watu wa Jaén wakimchukia mtu humwombea apasuke kama kenge wa La Magdalena, na siku hizi chemchemi hiyo ina sanamu yake. Kuna matoleo mengine ya hadithi hii. Katika moja, mwenye akili ni mchungaji aliyejaza moto ndani ya ngozi ya kondoo. Mimi nampenda mfungwa. Aliachiwa huru.

Mnaona? Nilikuwa nawapeleka Úbeda, nimewaacha Jaén na kenge. Turudi ndani ya basi.

Kutoka hapo mwanangu alianza mchezo. "Shangazi, huo mti nje unaitwaje kwetu?" Nikamwambia mzeituni, na tunda lake zeituni. "Wao tunda wanaliita *aceituna*," akasema, "na mafuta yake ni *aceite*." Nikayarudia taratibu mdomoni: a-the-i-tuna. Zeituni. Wallahi, ni ndugu. Akaendelea. Sukari ni *azúcar*. Zafarani ni *azafrán*. Limau ni *limón*. Ule mto mkubwa tutakaouona bondeni unaitwa Guadalquivir, na ukilivunja jina hilo utakuta Kiarabu, *wadi al-kabir*, bonde kubwa la mto.

Sababu yake nitawaeleza kwa ufupi. Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka mlango wa bahari kutoka Afrika Kaskazini, na sehemu kubwa ya Hispania ikakaa chini ya watawala wao kwa karne nyingi. Wa mwisho kuwatoka mikononi ulikuwa Granada, mwaka 1492. Kiarabu kikawa lugha ya soko na shamba na mfereji wa maji. Huku kwetu nacho kilikuja, lakini kwa jahazi na pepo za kaskazi. Neno moja likapanda farasi kwenda Úbeda, pacha wake akapanda chombo kuja Tanga, Mombasa na Unguja, wakaoa huko na huku wakazaa watoto wasiofanana sana. Mimi nilikuwa nao katika basi lile walipokutana, na nawaambieni nilifurahi kuliko nilivyofurahi uwanja wa ndege.

Halafu nikatazama dirishani vizuri.

Mimi ni mtoto wa mkonge. Nimekulia karibu na mashamba ambayo mistari yake inakwenda mpaka macho yanachoka, kwa hiyo mazao yaliyopangwa kwa foleni hayanitishi. Lakini hili lilikuwa jambo jingine. Jimbo la Jaén lina mizeituni zaidi ya milioni 60, na wakazi wake ni laki sita na kidogo. Gaweni wenyewe. Kila mtu, hata kitoto kilichozaliwa leo asubuhi, ana miti kama 100. Udongo ni mweupe-mweupe, miti ni ya kijani cha majivu, imeachiana nafasi sawasawa, na ukiwa mbali kilima kizima kinafanana na kitambaa cha madoadoa. Upepo ukivuma majani yanageuza matumbo yake, na matumbo ni ya fedha. Wenyeji huiita bahari ya mizeituni. Nilidhani ni maneno ya kuuzia watalii mpaka tulipofika mjini, nikasimama kwenye ukingo wa upande wa kusini, pale ngome ilipopita. Mji uko juu ya mgongo wa ardhi, kama mita 750 kutoka usawa wa bahari, na chini yake mawimbi ya miti yanashuka hadi bonde la Guadalquivir na kupanda tena ng'ambo mpaka milima ya Sierra Mágina inapoyazuia. Mtu wa pwani hutafuta tanga kwa mazoea. Nilitafuta. Nikaona trekta.

Sasa majumba. Kuna kiwanja kimoja, Plaza Vázquez de Molina, ambacho kimezungukwa na majumba ya mawe yenye rangi ya mkate uliotoka tanuri, na kwa sababu ya majumba ya namna hiyo UNESCO iliutia Úbeda, pamoja na mji jirani wa Baeza ulio kilomita 9 tu, katika urithi wa dunia mwaka 2003. Karibu yote ni ya karne ya 16. Kijana wa Úbeda aitwaye Francisco de los Cobos alipata kazi kwa wafalme, akapanda ngazi mpaka akawa katibu wa mfalme Carlos, yule aliyetawala nusu ya Ulaya na ng'ambo ya Atlantiki pia. Akatajirika. Na tajiri wa siku zile, kama tajiri wa siku hizi, alitaka kijijini kwao waone. Akajengewa kanisa la kuzikiwa, El Salvador, lenye mlango uliochongwa watu na malaika mpaka huoni pa kuweka kidole. Mpwa wake akajenga jumba. Jamaa nao wakajenga. Fundi mkuu wa wengi wao alikuwa Andrés de Vandelvira, mtu ambaye, kwa maoni yangu, alijua kulinyamazisha jiwe: kuta zake ni tulivu, zimenyooka, hazipigi kelele.

Jumba la yule mpwa sasa ni ofisi ya mji. Ndani anakaa meya, na meya kwa Kihispania ni *alcalde*. Semeni polepole. Al-calde. Al-kadhi! Nilicheka peke yangu kiwanjani. Kadhi wetu anafungisha ndoa na kugawa mirathi. Kadhi wao anashughulika na taka na taa za barabarani.

Majumba mengine sitawachosha nayo. Niseme moja tu ambalo halikujengwa na mtu wa kujionyesha. Mwanzoni mwa karne hii mtu mmoja alinunua nyumba kuukuu katikati ya mji ili abomoe ajenge mpya. Mafundi wakagonga ukuta, ukatoa tao. Wakagonga tena, tao jingine. Wakachimba chini, visima, na chumba chenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi kwenye maji safi yanayotoka ardhini yenyewe. Inaaminika ilikuwa sinagogi, na maji yale yalikuwa ya kujitakasa. Wayahudi wa Hispania waliambiwa mwaka 1492 wabatizwe au waondoke, na nyumba ikameza siri yake, watu wakapika na kulala juu yake karne baada ya karne. Leo inaitwa Sinagogi ya Maji. Niliposhuka zile ngazi sikusema kitu, na mnanijua, si kawaida yangu.

Asubuhi ya pili nikala mafuta.

Mama mwenye nyumba, mwanamke mfupi mwenye aproni ya maua, alichoma vipande vya mkate, akavisugulia kitunguu saumu, akapaka nyanya iliyokunwa, kisha akachukua chupa na kumimina. Mimi nilikuwa nahesabu: kijiko kimoja, viwili, vitano. Mkate ukazama. Rangi yake ilikuwa ya kijani kama maji ya mchicha. Nikauma. Kwanza niliona harufu ya majani yaliyofyekwa, kisha uchungu kidogo pembeni mwa ulimi, kisha, nilipomeza, kitu kikanichoma kooni kama pilipili manga na nikakohoa mbele za watu. Yule mama akapiga makofi! Kumbe kukohoa ndiyo sifa. Mafuta mapya ya aina ya zeituni waipandayo sana huko, iitwayo picual, yana ukali wake, na mtu akikohoa wanajua hayajachoka. Yale tuliyozoea kuyaona kwenye vichupa vidogo vya kupaka watoto ni mazee, yamesafiri, yamekaa dirishani juani. Siyalaumu. Hata mimi ningesafiri hivyo nisingemkoholesha mtu.

Kwa kuwa nimesifiwa, nikajiona mjuzi. Tulipopita kando ya shamba nikachuma zeituni moja nyeusi, nono, nikaitia mdomoni. Wanangu, kuna shubiri, kuna mwarobaini, na kuna zeituni mbichi. Mwanangu aliketi chini kwa kicheko. Hakuna anayeila kutoka mtini. Za kula hukaa siku nyingi kwenye maji na chumvi mpaka uchungu utoke. Nami nikajiuliza ni nani huyo wa kwanza, maelfu ya miaka iliyopita, aliyeonja tunda kali vile na asiondoke zake, akasema hapana, ndani yake kuna kitu. Mti umetajwa katika Biblia na katika Kurani, Wagiriki na Warumi waliutukuza, lakini yule mwonjaji wa kwanza hakuna aliyemjengea sanamu. Kenge anayo.

Jioni tukaenda kinuni. Wao husema *almazara*, na hilo nalo ni la Kiarabu, mahali pa kukamulia. Matela yanaingia uani moja baada ya jingine, yamejaa zeituni za kijani, za zambarau na nyeusi, na hewa yote ina ile harufu inayokwaruza pua. Zinapulizwa majani yatoke, zinaoshwa, halafu zinasagwa nzima nzima, nyama na kokwa, mpaka zinakuwa uji mzito wa rangi ya udongo. Uji unakorogwa polepole sana, kwa joto lisilozidi nyuzi 27, ili vitone vidogo vya mafuta vitafutane viungane. Kisha mashine inauzungusha kwa kasi, kigumu kinakaa kwake, maji kwake, na mafuta yanatoka kwenye bomba moja, membamba, ya kijani, hayana haraka. Kilo nne au tano za zeituni ndiyo lita moja.

Siku hizi ni mashine, lakini kwenye kona walikuwa wameweka vifaa vya zamani, na hapo ndipo nilipokuwa nyumbani. Mawe makubwa yaliyokuwa yakivutwa na nyumbu. Wenzetu wa Lamu na Unguja walimzungusha ngamia, macho kafungwa, siku nzima anakwenda na hafiki, ili ufuta utoe mafuta. Na pembeni, yamening'inizwa ukutani, majamvi ya duara yaliyosukwa kwa nyasi ngumu waziitazo esparto. Walipaka uji wa zeituni juu ya jamvi, wakaweka jamvi jingine, wakapaka tena, mpaka mnara ukasimama, kisha wakaugandamiza kwa shinikizo na mafuta yakachuruzika pembeni. Nikamwambia mwanangu, "Lakini hiki ni kifumbu!" Hakujua kifumbu ni nini. Miaka ishirini ya maisha, mama yake ni mtu wa Pangani, na hajui kifumbu. Nikabaki kumweleza mzee wa kinu, kwa mikono, namna tunavyokuna nazi, tunavyotia machicha katika kifuko cha ukindu na kusokota mpaka tui litoke. Mzee akaelewa kabla ya mwanangu. Akachukua jamvi moja ukutani, akasokota hewani kama ninavyosokota, akaitikia kwa kichwa.

Hakuna kinachotupwa. Kokwa zinakaushwa na kuchomwa kwenye majiko ya kupashia nyumba joto, hata katika chumba nilicholala. Matawi ya kupogoa yanakuwa kuni.

Msimu wote wa mavuno, kuanzia Oktoba au Novemba hadi baada ya mwaka mpya, mji hauzungumzi jambo lingine. Mnaojua Pemba wakati wa karafuu mtanielewa. Wanatandika nyavu chini ya mti, wengine wanaangua kwa fito ndefu kama pondo za mtumbwi, na mashine yenye mkono wa chuma inalishika shina na kulitetemesha mpaka mvua ya zeituni inanyesha. Lakini vijana wa pale wengi wamekwenda miji mikubwa. Fito nyingi zinashikwa na watu wa Morocco, Senegal na Mali. Miji ya jimbo hufungua mabweni ya kuwapokea, siku chache chache kwa kila mtu, na kuna wasiopata kitanda wala kazi wanaolala nje kwenye baridi linalogandisha maji. Hilo halimo kwenye picha za kiwanjani, nami nilitembea nalo kichwani hata nilipokuwa nakula.

Wala mti wenyewe haukuahidi mtu. Mwaka mmoja unazaa mpaka matawi yanainama, unaofuata unapumzika. Na mvua ikigoma, unagoma nao. Msimu wa 2022 kuingia 2023, baada ya ukame mkali, Hispania yote ilipata chini ya nusu ya mafuta iliyokamua msimu uliotangulia, na bei ikapanda mpaka baadhi ya maduka yakaanza kufunga chupa kwa vizuizi vya wezi, kama simu.

Haya. Siku ya nne.

Chakula cha mchana huko ni saa nane, na mama mwenye nyumba alikuwa amealika majirani wawili kuja kumwona mgeni wa Afrika. Aliniagiza mara tatu: saa nane. Mimi ni mwalimu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuchelewa sikujui.

Saa nne asubuhi nikatoka peke yangu. Nilitaka kushuka kidogo tu, niiguse ile bahari kwa mguu, nirudi. Nikashika njia ya vumbi kutoka ukingo wa mji, nikaingia kwenye miti, nikapiga mistari kumi, nikaokota jiwe la kumpelekea mjukuu. Kulikuwa na ukungu kidogo bondeni. Ukungu ule ukapanda. Nilipogeuka, mji haukuwepo.

Nikajiambia: rahisi, panda. Lakini ardhi ile inapanda kisha inashuka, inapanda tena kisha inashuka, na hujui kama umepanda kilima cha mji au kilima cha mwenyewe. Nikajiambia: fuata mstari. Mistari inakwenda mbele, inakwenda kando, na ukisimama katikati inakwenda mshazari pia, yote imenyooka, yote sawa. Nikachagua mti wa alama, wenye mashina matatu yaliyotoka shimo moja. Nikatembea, nikakutana nao tena. Nikafurahi, kisha nikaona wa pembeni yake nao una mashina matatu, na wa pembeni ya huyo. Kumbe ndivyo wanavyopanda huko toka zamani, vipandikizi viwili au vitatu shimo moja. Nilikuwa nimechagua alama ambayo kila mti umeivaa. Saa ikasema sita. Simu haikuwa na chaji. Viatu vyangu vilikuwa vimebeba udongo mweupe kila kimoja kilo nzima.

Nikasikia kitu: tak, tak-tak, tak. Fito kwenye matawi. Nikaifuata sauti ile kama kenge afuatavyo mkate, nikatokea mahali ambapo watu sita walikuwa wakiangua, kama vivuli ndani ya maziwa. Kijana mmoja mrefu akaniona, akashusha ufito. Mwanamke mzima, kanga begani, ametoka kwenye ukungu wa Hispania. Sijui alifikiri nini. Nilisema neno la kwanza lililonijia, "Asalaam aleikum," na uso wake wote ukafunguka. Alikuwa mtu wa Kayes, Mali. Kwa Kifaransa changu cha kuokoteza na mikono yetu minne tukaelewana. Akaomba ruhusa kwa wenzake, akanisindikiza, mbele yeye, nyuma mimi, anashika njia nisiyoiona, mpaka tukafika kwenye barabara ya lami na ukuta wa mji ukajitokeza juu yetu. Nikataka kumpa kitu, akakataa, akaniuliza tu kama kwetu nako kuna mizeituni. Nikamwambia hapana, minazi. Akafikiri, akasema minazi ni mizuri zaidi, kisha akageuka, ukungu ukamfunika kabla hajafika mti wa tatu.

Nilifungua mlango saa tisa na robo. Meza nzima iligeuka. Sahani yangu ilikuwa imefunikwa na sahani nyingine. Majirani walikuwa wamevaa nguo za Jumapili. Mwanangu akasimama, "Shangazi! Ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo, na kabla neno halijatoka nikalisikia lilivyo. Miaka 31 nimesimama mlangoni mwa darasa nimekunja mikono. Hakukuwa na njia nyingine, ukweli ulikuwa mmoja tu.

"Nilipotea," nikasema, "kwenye vilima vya Úbeda."

Mwanangu akatafsiri. Kikawa kimya cha pumzi moja, halafu meza ikapasuka kwa kicheko kama kenge wa La Magdalena. Jirani mmoja alijishika mbavu. Nikawaonyesha viatu, nikawaonyesha jiwe la mjukuu, nikaapa, wakazidi. Mama mwenye nyumba akajifuta machozi kwa aproni, akaniondolea ile sahani ya juu, akanimiminia mafuta kwenye chakula bila kupima, kisha akaniinamia na kuuliza jambo kwa sauti ya chini. Mwanangu akaona haya kulitafsiri. Nikamwambia atafsiri.

"Anauliza, Shangazi, huyo mpenzi anaitwa nani."